Namna ya Kumrudisha Mtu Aliyechangia Damu kwa Mara ya Kwanza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waratibu wa damu salama katika hospitali za wilaya na mikoa, walimu wa afya shuleni, viongozi wa misikiti na makanisa, na vikundi vya kujitolea vinavyoandaa siku za uchangiaji damu nchini Tanzania. Wengi wao wanaifahamu vizuri kazi ya kuwaita watu waje kwa mara ya kwanza: gari la matangazo hupita mitaani, mwalimu hutangaza mstarini, sheikh au padri hulitaja jambo hilo baada ya ibada, na foleni hujaa. Kazi inayopungukiwa watu ni ile inayofuata, isiyo na maturubai wala vipaza sauti, yaani kumfanya mtu yule yule aliyenyoosha mkono wake leo arudi baada ya miezi mitatu au minne kwa hiari yake. Ninaamini kwamba uamuzi wa kurudi hufanyika mapema mno, katika saa moja anayokuwa mikononi mwetu na katika siku chache zinazofuata, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu muda huo mfupi.

Hesabu yenyewe inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba nchi, ili ikidhi mahitaji ya msingi, ikusanye kila mwaka chupa za damu zinazolingana na walau asilimia moja ya watu wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 nchini Tanzania, kwa hiyo tunazungumzia chupa zaidi ya 600,000 kwa mwaka. Kama kila mchangiaji atatoa mara moja na kutoweka, itatubidi kutafuta kila mwaka watu wapya wa idadi hiyo, kuwaelimisha, kuwapima na kuwatuliza hofu upya. Kama kila mmoja atatoa mara mbili, idadi ya watu wanaohitajika hupungua kwa nusu. Mwanaume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, na hivyo mara mbili kwa mwaka si jambo zito kwa mtu mwenye afya njema.

Usalama nao unategemea kurudi. Mtu aliyekwisha kupimwa, akapewa majibu yake na kuelewa ni mienendo gani inayomzuia kuchangia, kwa kawaida huwa na damu salama kuliko mgeni asiyejua lolote kuhusu hali yake. Tena damu haiwekwi ghalani kama nafaka. Chembe nyekundu zilizohifadhiwa katika mifuko yenye dawa ya kawaida hudumu kwa siku 35, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu kwa siku 5 tu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria kali na mgonjwa wa selimundu hawangojei kampeni ya mwezi Juni, ya Siku ya Wachangia Damu Duniani. Mwezi Septemba 2013, baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, watu walipanga foleni ndefu katika bustani ya Uhuru Park kuchangia damu, na moyo ule unastahili heshima. Lakini damu inayomwokoa majeruhi katika saa za mwanzo ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa kwenye jokofu, na hiyo hutoka kwa watu waliokuja siku ambayo hakuna lililotokea.

Saa ya kwanza

Mtu anayechangia kwa mara ya kwanza huja na hofu mbili, ya sindano na ya kuanguka mbele za watu, na hii ya pili ndiyo inayomfuata nyumbani. Aliyepata kizunguzungu au kuzimia ana uwezekano mdogo wa kurudi kuliko aliyeondoka salama, hata kama alihudumiwa kwa upole, na walio katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na hali hiyo ndio hasa tunaowaita kwa wingi: vijana, wasichana, watu ambao uzito wao umezidi kidogo tu kilo 50 zinazotakiwa, na wale ambao hawajawahi kuchangia. Kuzuia kizunguzungu kwa hiyo ni sehemu ya uhamasishaji, na pengine ndiyo sehemu yake muhimu kuliko zote.

Hakikisha kwamba kila mmoja amekula kabla ya kufika mezani kwako. Shuleni, usianze zoezi saa mbili asubuhi wakati wanafunzi hawajaweka kitu tumboni. Anza baada ya uji wa saa nne, hata kama gari la timu limefika mapema. Hakikisha pia kwamba anayechangia ametimiza miaka 18, kwa sababu katika shule nyingi walio tayari kunyoosha mkono hawajafika umri huo, na kumkubali mmoja wao kwa kumwonea haya mwalimu ni kosa la kitaaluma. Mpe kila mgeni nusu lita ya maji, aimalize muda mfupi kabla ya sindano, kwa kuwa maji hayo husaidia kuzuia shinikizo la damu lisishuke ghafla. Akishalala kwenye kiti, mfundishe kupishanisha miguu, kukaza misuli ya mapaja na ya tumbo kwa sekunde chache huku akipumua kama kawaida, kuilegeza, kisha kurudia. Zoezi hilo halina gharama, linapunguza uwezekano wa kuzimia, na tena linampa mtu mwenye hofu kitu cha kufanya badala ya kuutazama mfuko ukijaa.

Mgeni ahudumiwe na mtumishi mwenye mkono mwepesi. Ninajua kwamba wanaojifunza lazima wajifunze, lakini wajifunze kwa mchangiaji mzoefu ambaye ameombwa ridhaa na ambaye sindano moja iliyokosea haitamfukuza. Mtumishi aeleze kila hatua kabla ya kuifanya: kwamba kidole kitachomwa ili kupima wingi wa damu, kwamba mfuko utachukua takriban mililita 450, na kwamba utoaji wenyewe kwa kawaida hauzidi dakika kumi. Asiseme kwamba haiumi hata kidogo. Sindano huuma kidogo, na mtu aliyedanganywa katika jambo dogo hana sababu ya kutuamini tutakapomweleza kuhusu majibu yake.

Baada ya kuchangia, mgeni akae dakika kumi hadi kumi na tano akinywa soda au juisi, na akae mahali ambapo mtumishi anamwona. Kabla hajainuka, muulize anafanya kazi gani na anarudi nyumbani kwa usafiri gani. Fundi anayepanda juu ya jengo na dereva wa bodaboda hawapaswi kurejea kazini saa hiyo hiyo, na ingefaa waambiwe hivyo walipokuwa bado kwenye foleni, ili asiyeweza kupumzika siku hiyo apangiwe siku nyingine. Mweleze kwamba mkono unaweza kuvilia damu na kubadilika rangi kwa siku kadhaa, kwamba asinyanyue mizigo mizito kwa mkono huo siku hiyo, na kwamba akihisi kizunguzungu njiani akae chini au alale na kuinua miguu. Aliyeonywa mapema akiona ngozi imekuwa ya bluu husema, “Niliambiwa.” Asiyeonywa husema kwamba wamemharibu mkono, na jirani zake humsikia.

Dakika hizo za soda ndizo zenye thamani kubwa kuliko tangazo lolote. Mara nyingi mtu huja mara ya kwanza kwa sababu za nje: rafiki zake walikuja, mkuu wa shule alihimiza, kiongozi wa kwaya alipanga safari. Sababu hizo zinatosha kumleta mara moja, lakini hazitoshi kumrudisha peke yake siku ambayo rafiki zake hawapo. Kwa hiyo kaa naye umuulize, “Ni nini hasa kilichokuleta leo?” kisha nyamaza umsikilize. Mmoja atakueleza kuhusu dada yake aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, mwingine atasema alitaka kujua kundi lake la damu, mwingine atasema kwamba katika dini yake kumwokoa mtu ni ibada. Andika jibu lake kwa maneno yake kwenye rejesta, mstari mmoja tu, kwa sababu miezi mitatu baadaye maneno hayo yatakuwa na nguvu kuliko kaulimbiu yoyote utakayobuni.

Siku zinazofuata

Siku moja au mbili baada ya zoezi, mpigie simu au umtumie ujumbe. Lengo la mawasiliano haya ni kumjulia hali, na haifai kabisa kuyachanganya na ombi la kurudi. Kijana unaweza kumwandikia hivi: “Habari za leo, kaka. Ninaandika kutoka benki ya damu. Tunakushukuru kwa kuchangia damu juzi. Je, unaendeleaje? Kama mkono unauma au unahisi uchovu, tujulishe kwa namba hii.” Mtu mzima apigiwe simu, na mtumishi kijana aanze kwa “Shikamoo, mzee” au “Shikamoo, mama,” kama ambavyo angemwamkia barazani. Aliyezimia siku ya zoezi apigiwe simu siku hiyo hiyo jioni, na kama inawezekana apigiwe na mtumishi aliyemhudumia. Wengi wa waliopatwa na hali hiyo huona aibu kuliko maumivu, na kusikia kwamba hali yao ni ya kawaida, kwamba ina sababu zinazoeleweka na kwamba safari ijayo kuna njia za kuizuia, huwarudishia heshima yao.

Katika mawasiliano hayo mkumbushe kuhusu chakula, kwa maelezo yanayoeleweka. Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila chupa huondoka na takriban miligramu 200 hadi 250 za madini hayo. Dagaa, maini, nyama, maharage, kunde, mchicha na matembele husaidia kuyarejesha, hasa vikiliwa pamoja na chungwa, limau au nyanya. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza kiasi kinachofyonzwa, na ni afadhali isubiri saa moja au mbili. Wanawake wanahitaji maelezo haya zaidi, kwa kuwa akiba yao ya madini ya chuma kwa kawaida ni ndogo. Mwanamke anayerudi baada ya miezi minne na kuambiwa kwamba wingi wa damu yake umeshuka huondoka akiamini kwamba kuchangia kulimdhuru, wakati angeweza kuelekezwa chakula cha kawaida cha nyumbani tangu siku ya kwanza.

Kisha kuna majibu. Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende, na mchangiaji ana haki ya kuyajua majibu yake kwa faragha na kwa wakati. Mwambie siku ile ile ni lini na wapi atayapata, na siku hiyo ikifika, yawepo. Sijui jambo linalovunja imani haraka kuliko mtu kutumia nauli yake kufuata majibu na kuambiwa arudi wiki ijayo. Pamoja na majibu, mpe kadi yenye kundi lake la damu na umweleze kundi hilo lina maana gani kwa mgonjwa. Watu hupenda kulijua kundi lao, na mwenye kundi O hasi akielezwa kwamba damu yake inaweza kutumika wakati wa dharura kabla kundi la mgonjwa halijajulikana huelewa mara moja kwa nini anaitwa.

Wapo wanaokuja kuchangia ili wapate kipimo cha virusi vya UKIMWI bila kuonekana kwenye kituo cha kupima. Waeleze mapema, kwa upole na bila kumnyooshea mtu kidole, kwamba mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa katika kipindi ambacho kipimo hakijaonyesha lolote huku damu yake ikiwa tayari ina virusi, na uwaelekeze kwenye huduma ya upimaji wa hiari. Atakayebainika kuwa na maambukizi apewe ushauri nasaha na rufaa ya tiba, na jina lake liondolewe kwenye orodha ya kukumbushwa kabla ujumbe wowote haujatumwa. Ujumbe wa furaha unaomwita kuchangia mtu aliyepewa habari nzito wiki mbili zilizopita ni ukatili, hata kama umetumwa na kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana pia: namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ya kuchangia damu haiingizwi kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa ya mwenyewe, na majibu hayajadiliwi huko kwa namna yoyote.

Ipo habari moja zaidi ambayo mchangiaji angependa kuisikia, nayo ni kwamba damu yake imetumika. Jijini Stockholm, huduma ya damu humtumia mchangiaji ujumbe wa simu damu yake inapotumika. Hospitali ya wilaya isiyo na mfumo wa kompyuta inaweza kulifanya jambo hilo kwa daftari: namba ya chupa ikiandikwa kando ya namba ya simu, mtumishi mmoja anaweza kukaa nusu siku mara moja kwa mwezi kulinganisha orodha ya chupa zilizotolewa wodini na rejesta ya wachangiaji. Ujumbe uwe mfupi na wa kweli: “Damu uliyochangia tarehe 3 Machi ilitolewa wiki hii kwa ajili ya mgonjwa katika hospitali yetu.” Usitaje mgonjwa ni nani, usitaje ugonjwa wake, na usimtumie mtu ujumbe huo kama chupa yake iliharibika au iliisha muda.

Ndugu wa mgonjwa

Wachangiaji wengi wa mara ya kwanza hawakuja kwenye turubai. Walikuja wodini, wakaambiwa kwamba mgonjwa wao amepewa chupa mbili na kwamba ndugu waje kufidia. Mtu wa namna hii huona kwamba amelipa deni na hesabu imefungwa, na mara nyingi alichangia akiwa na wasiwasi, njaa na usingizi wa kukesha hospitalini. Ukimwomba siku hiyo ajiunge na wachangiaji wa hiari, atakubali kwa mdomo ili umwache amrudie mgonjwa wake.

Msubiri. Chukua namba yake, mshukuru, mpe maji na mahali pa kukaa, kisha mtafute baada ya mgonjwa kutoka hospitali. Kabla ya kupiga simu, angalia kwenye kumbukumbu za wodi mgonjwa aliishia wapi. Kama alifariki, kinachopaswa kusemwa ni pole, na ombi la kurudi lisitajwe. Apigiwe na mtu mzima anayejua kutoa pole, na asipigiwe tena mpaka muda mrefu upite au yeye mwenyewe aulize. Kama mgonjwa alipona, unaweza kusema, “Tunafurahi kusikia kwamba shemeji yuko nyumbani. Siku ile chupa aliyopewa ilikuwa tayari kwenye jokofu kwa sababu mtu asiyemfahamu aliichangia kabla. Tungependa nawe uwe mtu huyo kwa familia nyingine.” Maelezo hayo ni ya kweli kabisa, na ndugu aliyekesha wodini anayaelewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu ameona kwa macho yake tofauti kati ya jokofu lenye damu na jokofu tupu. Ninashangaa kwamba watu hawa, ambao hawahitaji kuelezwa umuhimu wa damu, ndio tunaowapoteza kwa urahisi zaidi.

Kupanga tarehe ya kurudi

Maneno “karibu tena” hayamrudishi mtu. Kabla hajaondoka, hesabu naye miezi mitatu au minne, taja tarehe na mahali, iandike kwenye kadi yake, na muulize siku hiyo atakuwa wapi na atafikaje. Mtu aliyekwisha kufikiria kwamba Jumamosi hiyo atapita benki ya damu akitoka sokoni ana tarehe. Aliyeahidi tu kwamba atakuja akipata nafasi hana. Mkumbushe wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kisha siku moja kabla, na katika ujumbe wa kwanza tumia ile sababu aliyokueleza alipokuwa akinywa soda.

Jilazimishe kuiangalia kalenda kwa macho ya mchangiaji. Ukikusanya damu kwa wanafunzi wa kidato cha sita mwezi Februari, ujue kwamba mwezi Mei watakuwa kwenye mitihani na kwamba baada ya hapo wengi wataitwa kwenye mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria. Kadi inayowataka warudi shuleni mwezi Juni haina maana. Waulize nyumbani kwao ni mkoa gani, chukua pia namba ya mzazi kwa ridhaa yao, na uwaeleze kituo cha damu kilicho karibu na huko. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga apangiwe jioni baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha, au apangiwe tarehe kabla ya mfungo. Wakulima wasipangiwe wiki za kupanda wala za kuvuna.

Hapa waratibu wanapaswa kuangalia pia ratiba yao wenyewe. Timu inayokwenda kwenye kata moja mara moja kwa mwaka, kisha ikalalamika kwamba watu wa kata hiyo hawarudi, haijawapa mahali pa kurudi. Kama magari na mafuta hayatoshi, ni afadhali kuchagua maeneo machache na kuyarudia kila baada ya miezi minne, muda unaowafaa wanaume na wanawake, kuliko kuzunguka mkoa mzima na kugusa kila mahali mara moja. Najua kwamba uamuzi huo ni mgumu kwa mtu anayeulizwa kila robo mwaka amefika kata ngapi, lakini wodi haina matumizi na idadi ya kata. Jaribu pia kumvuta mgeni arudi ndani ya mwaka wake wa kwanza, hata kama ni mara moja tu, kwa kuwa anayerudi mapema ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuendelea kwa miaka.

Walioambiwa wasubiri

Mtu aliyekuja kwa moyo mweupe akapimwa na kuambiwa kwamba wingi wa damu yake hautoshi, au kwamba bado yuko kwenye dozi ya malaria, au kwamba ananyonyesha, huondoka akihisi amekataliwa, na wengi wao hawarudi tena ingawa kizuizi kilikuwa cha muda. Mpeleke pembeni, mweleze sababu kwa faragha, mwandikie tarehe anayoweza kujaribu tena, na umpe soda ile ile wanayopewa waliochangia, kwa sababu yeye pia alikuja. Mwenye upungufu wa damu aelekezwe kliniki. Mama mjamzito au anayenyonyesha abaki kwenye rejesta na tarehe ya mbali, asiandikwe kwamba amepotea.

Zawadi, kadi na uvumi

Fedha isitolewe, na sababu ni ya kitabibu pamoja na kuwa ya kimaadili: anayelipwa ana kishawishi cha kuficha jambo ambalo lingemzuia kuchangia, na mgonjwa ndiye anayebeba matokeo. Fulana ina tatizo dogo zaidi lakini ni tatizo, kwa kuwa anayepewa fulana mara ya kwanza huiulizia mara ya pili. Kama mfadhili ametoa fulana au vikombe, ushauri wangu ni kuviweka kwa ajili ya wanaorudi, vitolewe kama kumbukumbu ya mara ya pili, ya tano au ya kumi, mbele ya wenzao. Kutambuliwa hadharani kuna nguvu kubwa katika shule, vyuo na jumuiya ndogo ndogo. Zimbabwe ilionyesha njia tangu mwaka 1989 ilipoanzisha klabu ya vijana wanaoahidi kuchangia damu mara kwa mara na kulinda afya zao ili damu hiyo ibaki salama, na mfano huo umeigwa katika nchi nyingi. Klabu ya namna hiyo katika chuo cha ualimu au cha uuguzi haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mlezi mmoja makini, daftari, na siku zinazojulikana.

Kuhusu kadi, usiahidi usichokuwa na mamlaka nacho. Ukimwambia mchangiaji kwamba kadi yake itampa damu bila masharti siku yeye au mwanawe akilazwa, kisha wodini akaambiwa atafute ndugu wa kufidia, umempoteza yeye na wote atakaowasimulia. Uliza kwanza uongozi wa hospitali utaratibu ni upi, kisha useme huo huo.

Uvumi ujibiwe kwa taarifa kamili. Anayedai kwamba damu inauzwa aelezwe kwamba damu haiuzwi, aelezwe safari ya chupa tangu mkononi hadi maabara na wodini, na apewe namba ya kiongozi wa kumpigia akidaiwa fedha. Na malalamiko hayo yakifika yashughulikiwe, kwa sababu jibu lisilo na hatua huthibitisha uvumi. Anayeogopa kwamba akianza kuchangia mwili utazoea na damu itazidi siku akiacha aelezwe kwamba mwili hutengeneza damu kadiri inavyohitajika na kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila madhara. Usimcheke. Mara nyingi anayeuliza swali la namna hiyo ametumwa na familia nzima.

Anaporudi

Siku mchangiaji anaporudi, rejesta ya mara ya kwanza iwe mezani. Kama alipata kizunguzungu, mtumishi aseme kwamba analikumbuka jambo hilo na kwamba maji yake yako tayari. Kama mshipa wa mkono wa kushoto ulisumbua, ajaribu wa kulia. Maswali ya afya na ya mienendo yaulizwe yote upya, bila kuyaruka kwa sababu ya kuzoeana, na aelezwe waziwazi kwamba anaweza kujitoa hata dakika ya mwisho bila kutoa sababu. Asiyefika tarehe yake apigiwe simu mara moja, aulizwe kilichomzuia, na jibu liandikwe: nauli, kazi, mkono uliouma, mume aliyekataa, majibu ambayo hakuyapata. Kila baada ya miezi mitatu, keti na wenzako mhesabu ni wangapi kati ya wageni wa mwaka uliopita waliorudi na ni sababu zipi zinajirudia kwa wasiorudi, kisha rekebisheni moja kati ya hizo kabla ya kupanga zoezi jingine la kuwaita watu wapya.